Mpiga Nai na Mama Asiye Wake

Wametusimulia wakubwa wetu, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Yemeni palikuwa na mtu jina lake Kudama, yatima, aliyezunguka miji akipiga nai, ile filimbi ya mwanzi. Alipenda watu, na wengi walimpenda, lakini mwaka ule wa ukame milango ilikuwa mizito. Kijiji cha kwanza walimpa maji, wakamwambia aende zake. Cha pili, mtu mmoja alimjibu akiwa ndani, "Wapiga nai hatuwalazi."

Akafika kijiji cha tatu miguu imevimba, akaketi kivulini, akapiga nai kidogo kujiliwaza. Mara akatoka ajuza kipofu, Bibi Lubaba, Mola amrehemu, huku akipapasa ukuta.

"Nufaili! Mwanangu, umerudi!"

Akamshika mikono, akamwingiza ndani, akampa uji wa mtama. Jirani akamnong'oneza Kudama mlangoni, "Mwanawe, naye mpiga nai, alitoka na msafara miaka kumi na miwili iliyopita, hatujamsikia tena. Mwache afurahi. Una hasara gani?"

Kudama akarudi kwenye uji. Alikuwa na njaa, na tangu azaliwe hakuna aliyemwita mwanangu. Siku tatu alimtekea maji, akamsagia mtama, na kila alipoitwa Nufaili aliitikia, moyo ukimchoma. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Mimi si Nufaili. Ni Kudama, mpita njia. Nimekula chakula cha mwanao."

Bibi Lubaba akatabasamu. "Nilijua, baba. Nufaili wangu ana vidole vinene kama tende, na hajapata kunitekea maji bila kunung'unika."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipokushika mikono."

"Basi mbona ukanyamaza?"

Machozi yakamtoka yule ajuza. "Niliogopa kweli itakufukuza. Kumbe nami nimemkosea Mola wangu siku tatu. Haya, tutubu sote wawili, kisha unipakulie uji. Mgeni wangu nimemzoea."

Kudama akabaki mgeni wake. Alisafiri na nai yake, na kila mji aliuliza habari za Nufaili, wala hakupata. Lakini kila mwezi ulipoandama alirudi kwa Bibi Lubaba, na hakumdanganya tena hata kwa neno la kumfariji. Miaka saba ikapita hivyo. Bibi Lubaba alipofariki, watu waliuliza nani atashuka kaburini kumpokea, maana hakuwa na jamaa. Kudama akasogea.

"Wewe ni nani wake?" akaulizwa.

"Ni mgeni wake," akajibu.

Imamu akasema, "Shuka, mwanangu."

Enyi ndugu, uongo ulimpa Kudama mama wa siku tatu, naye akaogopa kumpoteza. Aliposema kweli, Mola alimpa miaka saba. Tusidhani kwamba watu wanatupenda kwa yale tunayowaficha.