Somo Ambalo Bi Somoe Hakulisikia

"Biashara utafunzwa, utu nenda nao." Ndivyo bibi yenu alivyomwambia ndugu yenu Zamoyoni alipoaga kwenda chuo cha biashara, nanyi mkacheka. Basi sikilizeni, wanangu, jinsi neno hilo lilivyozaliwa.

Katika soko la Mkomela walikuwapo wapika vitumbua wawili, Bi Somoe na Binti Chitanda, majiko yao yamekaribiana hata moshi ukachanganyika. Mmoja akipatwa na dharura, mwenziwe humpikia na kumuuzia vitumbua vyake. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Waliwakuta mama zao wakifanya.

Wakaja walimu wa ujasiriamali. Bi Somoe hakukosa hata kipindi. Alijifunza kufunika chakula, kutia iliki, kumwita mteja kwa jina. Na kweli biashara ikachanua. Alijifunza pia kwamba anayeuza unachouza ni mshindani wako, na hilo ndilo lililomkaa kuliko yote. Akahamishia jiko lake ng'ambo ya njia. Binti Chitanda akimsalimu, alijibu huku macho yakiwa kwa wateja.

Asubuhi moja Binti Chitanda alivuka njia mbio, mtoto mgongoni akihema kwa homa.

"Dada Somoe, mtoto amezidiwa! Unga umeshaumuka, na ndio mtaji wangu wote. Nipikie, nimkimbize hospitali."

Bi Somoe alitazama wateja waliojipanga. Moyo ulimwambia inuka, somo likamkalisha.

"Mwenzangu, biashara ni biashara. Nikija kwako, hawa watapikiwa na nani?"

"Wewe, Somoe, ndiwe wa kuniambia hivyo?"

Bi Somoe akamgeukia mteja. Binti Chitanda akarudi jikoni kwake, akapika harakaharaka, mtoto bado yuko mgongoni. Alipofika hospitali aliambiwa amechelewa. Kesho yake wakazika.

Bi Somoe alikwenda msibani na sinia la vitumbua. Binti Chitanda hakumfukuza wala hakulia mbele yake. Alisema tu, "Rudi kwa wateja wako, dada." Sinia likarudi halikuguswa.

Baadaye mmoja wa walimu wale akaja kuwatembelea wanafunzi wake, akamsifu Bi Somoe mbele ya soko zima. Bi Somoe akasimama.

"Mwalimu, somo la kumshikia mwenzako jiko akiuguliwa mlilitoa siku gani? Mimi sikulisikia."

Mwalimu akainamisha uso. "Hatukulitoa, mama. Tulidhani mmekuja nalo."

"Nilikuja nalo," akasema Bi Somoe. "Nikaliacha palepale darasani kwenu."

Vitumbua vyake viliendelea kununuliwa, lakini hakuna mwanamke wa soko lile aliyekaa tena kuzungumza naye. Binti Chitanda alihamia kwa ndugu zake, na wawili hao hawakupatana mpaka wakaingia kaburini. Tangu hapo, kila aliyetoka Mkomela kwenda kusomea uuzaji, wanawake walimsindikiza kwa neno moja:

Biashara utafunzwa, utu nenda nao.