Mtawa Aliyepaza Sauti Katika Juma la Ukimya

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na nyumba ya watawa wa kike katika nchi ya Wanubi, pale mashamba ya mtoni yanapokoma na jangwa kuanza. Waja wale wa Mungu walikuwa na desturi: juma la kwanza la Kwaresima hawakutamka neno ila katika sala, na hata ishara ya mkono waliihesabu kuwa ni neno.

Langoni alikaa mtawa mmoja mtu mzima, jina lake Talida, aliyesifiwa kwa kuishika desturi hiyo kuliko wote. Asubuhi moja ya juma lile alifika mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni. Talida akampa mkate, akamjazia kibuyu chake maji, akainamisha kichwa.

"Mungu akuzidishie, mama," mgeni akasema. "Sasa nielekeze. Njia ya kwenda kwa mama yangu kule mtoni ni hii ya kulia au ya kushoto?"

Talida akanyamaza.

"Basi ninyooshee kidole tu. Au kidole nacho kimefunga Kwaresima?"

Talida akatazama chini. Mwanamke akacheka kwa uchovu. "Haya, nitabahatisha." Akashika ya kushoto.

Talida alijua kwamba njia ile ilikwisha kufukiwa na mchanga, na kwamba walioifuata walipotelea jangwani. Akajiambia kuwa Mungu atamlinda mja wake, akarudi kwenye zaburi. Lakini kila aya aliyoianza aliiacha katikati. Jua likapanda, upepo ukaanza kuvuma. Ndipo akatambua kwamba alikuwa akimwomba Mungu afanye jambo ambalo yeye mwenyewe angelimaliza kwa neno moja.

Akatwaa kiriba cha maji, akatoka mbio bila viatu. Upepo ulikuwa umefuta nyayo, na jina la yule mwanamke hakulijua.

"Mama mtoto! Ee, mama mtoto!"

Aliita mpaka sauti ikakauka. Hatimaye, nyuma ya kilima cha mchanga, akasikia mtoto akilia, naye akalia kwa shukrani.

Mwanamke alikuwa ameketi, kibuyu kitupu mapajani. Alipokwisha kunywa akamkazia macho. "Kumbe unasema!"

"Nasema, mwanangu. Nimechelewa tu. Unisamehe."

"Ungechelewa zaidi, hapo ningekasirika." Wakacheka wote wawili, midomo yao imepasuka kwa joto.

Waliporudi walimkuta Mama Mkuu, Eudosia, amesimama langoni pamoja na watawa wote, kwa kuwa ule wito ulikuwa umewafikia hadi kanisani. Talida akapiga magoti.

"Mama, nimeivunja desturi yetu."

Mama Mkuu akamwinua. Kisha akamgeukia mgeni, na kwa mara ya kwanza tangu mfungo uanze akafungua kinywa: "Karibu, binti yangu. Mtoto anaitwa nani?"

Hapo watawa wakaanza kusema kwa pamoja. Huyu aliagiza maziwa, yule aliomba kumpakata mtoto, na mwingine alikwisha kuvaa viatu ili amsindikize mgeni mpaka kwa mama yake.

Wapendwa, tusimcheke Talida. Aliupenda ukimya kwa sababu alimpenda Mungu, na wengi wetu tuna jambo jema tunalolishika vivyo hivyo, mpaka jirani anaposimama mbele yetu akiwa na shida. Heri yeye, aliyechelewa, kisha akakimbia.