Piko Lililokataa Kuwa Maua

Sogeeni, wanangu, anayesinzia afinywe.

Hapo kale fundi Shekue alimtengenezea sultani kinu cha mji mzima cha kukamulia mafuta ya ufuta. Chini ya kinu alitoboa tundu la siri, na nusu ya mafuta ya kila mtu ikawa inachuruzika mtungini mwa sultani. Watu waliulaumu ufuta wao. Fundi alinyamaza, ila tangu siku hiyo tonge halikumshuka vizuri.

Binti yake alipoolewa, Bi Mize, somo aliyemfunda bibi harusi, alimchora maua ya piko mikononi. Maua yakatambaa, yakawa kinu. Wakasugua kwa ndimu, akachora maua tena, yakawa kinu na tundu. Wakasugua, akachora tena, yakawa kinu, tundu na mtungi wa sultani, umefurika.

“Mchawi huyu!” wakwe wakapiga kelele. “Atolewe mjini!”

Wakamkamata Bi Mize. Fundi, aliyeitwa mbio, akaitazama mikono ya mwanawe. Angeweza kunyamaza tena.

“Mwacheni,” akasema. “Yeye alichora maua. Tundu nilitoboa mimi.”

Ngano yangu imekauka kama piko. Anayeweza na aisugue.