Santuri ya Bi Kanga na Sikio la Pili la Fisi

Hadithi iko mlangoni, ifunguliwe?
Ifunguliwe, iingie.
Imekuja peke yake?
Imekuja na wenyewe.
Nikiwataja wenyewe mtanyamaza?
Ukiwataja sawasawa.

Basi nitawataja sawasawa. Palikuwa na Kanga, na ninaposema kanga sisemi kororo. Kororo ana manyoya ya kujikunja kichwani. Kanga ana kipembe kidogo cha mfupa, na anayewachanganya hao wawili asipewe mifugo ya kuchunga. Kanga huyu aliitwa Bi Mwanamadoa, na alikuwa mwimbaji. Palikuwa na Nguchiro, na ninaposema nguchiro sisemi kicheche. Kicheche akibanwa hutoa harufu. Nguchiro akibanwa hutoa maneno. Huyu aliitwa Chenduru. Na palikuwa na Fisi, ambaye hana wa kuchanganywa naye. Alipoulizwa jina lake alisema ni Mwenyekiti.

Fisi alikuwa na gramafoni. Wapima ardhi walipiga kambi katika mbuga ya Mbalungwa, maji yakawaishia, wakaondoka na kuiacha chini ya turubai. Ilikuwa gramafoni ya kutia ufunguo kwa mkono, yenye pembe la bati lililofunguka kama ua la boga. Fisi aliifikia wa kwanza. Akailamba, akaona si chakula. Akaizunguka, akafikiri, akaona itamletea chakula.

Akawaita wanyama akawaambia, "Kuanzia leo Mbalungwa itakuwa na muziki. Kila mmoja ataimba kwa zamu yake. Nyuki watatoa nta ya santuri, Kigong'ota atachora mistari kwa mdomo, Nungunungu atatoa mwiba uwe sindano. Santuri ikiwa nzuri, mwimbaji atatuzwa. Ikiwa mbaya, mwimbaji ataliwa, asije akarudia."

Ngiri akauliza, "Nani atasema nzuri au mbaya?"

"Mwenye gramafoni."

"Na nani atakula?"

"Kazi hiyo ngumu nitaibeba mwenyewe," akasema Fisi.

Basi tangu siku hiyo hapakupatikana santuri nzuri Mbalungwa. Kwale aliimba, ikawa mbaya. Bata Maji aliimba, ikawa mbaya. Digidigi hakuimba, alipiga filimbi tu, nayo ikawa mbaya kuliko zote, maana Digidigi alikuwa amenona. Fisi alikuwa akiweka mwiba juu ya santuri, anasikiliza kidogo, anakunja pua. Akikunja pua, wanyama wote nao wanakunja pua, kwa sababu anayekunja pua pamoja na Fisi hawezi kuwa ndiye anayeliwa. Wakarudi makwao wakiambiana, "Kwa kweli Kwale alikuwa hajui." Na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemsikia Kwale mpaka mwisho.

Zamu ikamfikia Bi Kanga.

Sasa Bi Kanga hawezi kuimba akiwa amesimama tu. Ni lazima achakure. Akaimba huku anachakura, Nyenje akimpigia zeze na ngoma pembeni, na vumbi likaruka, likatua juu ya nta kabla haijakauka.

Kigong'ota akaacha kuchora akamwambia, "Shangazi, vumbi."

"Ndilo ninaloliimba," akasema Bi Kanga. "Endelea kuchora."

Akaijaza santuri juu na chini, akaipa jina Nguo ya Madoa. Kisha akaenda kukaa chini ya kichaka kungojea kuliwa. Nguchiro akamfuata.

"Shangazi, mbona umenyong'onyea?"

"Kesho alasiri santuri yangu inapigwa mbele ya Mwenyekiti."

"Ni nzuri?"

"Nzuri. Lakini haikusudiwi kusikilizwa. Nakusudiwa mimi."

Nguchiro akajikuna sikio. "Usiliwe, shangazi. Wewe ukiliwa, mimi nitaamkia nini asubuhi?"

Bi Kanga akageuka akamtazama. "Kumbe mwizi wa mayai yangu ni wewe."

"Tuyaache hayo ya mayai. Tuzungumze mambo ya uhai wako. Santuri yenyewe inasikikaje?"

Bi Kanga akaona haya kidogo. "Inakwaruza. Vumbi limeingia kwenye nta. Kila ninapoimba, nyuma yangu kuna chwa-chwa-chwaa, kama mafuta kikaangoni."

Nguchiro akaacha kujikuna. "Kama mafuta?"

"Kama mafuta."

"Basi lala salama, shangazi. Kesho nikisema jambo, usinikanushe."

Alasiri ikafika. Wanyama wakakaa duara. Fisi akatandika jani, akaweka chumvi juu yake, akatia ufunguo, kiri-kiri-kiri, akaweka mwiba juu ya santuri. Bi Kanga akaanza kuimba kutoka katika pembe la bati:

*Nguo yangu ya madoa, kererere,*
*Sikununua, sikushona, kererere,*
*Anayeitaka aje aivue, kererere,*
*Ila aje mwenyewe, asitume.*

Fisi hakungoja hata ubeti wa pili. Akaunyanyua mwiba. Akakunja pua. Wanyama wote wakakunja pua.

"Nimesikia," akasema. "Inakwaruza. Ni mbaya. Bi Kanga, sogea huku kwenye chumvi."

"Mjomba," akasema Nguchiro, "hukumu yako ni ya haki, sina neno. Ila na nyama nayo umeisikia?"

"Nyama gani?"

"Inayokaangwa humo ndani, nyuma ya wimbo."

Fisi akautazama mwiba. Akaitazama santuri. "Sikusikia nyama."

"Si kosa lako, Mjomba. Sikio la kwanza husikia wimbo. Sikio la pili ndilo husikia kilichomo."

Fisi akamgeukia Bi Kanga. "Uliimbia wapi wewe?"

Bi Kanga akainamisha kichwa. "Nilikatazwa kusema, Mwenyekiti."

Fisi akapiga hesabu ya tumbo. Kanga ni tonge moja, na nusu ya tonge hilo ni manyoya. Lakini nyama iliyokaangwa wimbo mzima bila kuisha, hiyo ni ng'ombe, na huenda ng'ombe ana ndama. Akatia ufunguo, kiri-kiri-kiri, akaweka mwiba mwanzoni.

Akasikiliza. *Kererere*, akaimba Bi Kanga. Chwa-chwa-chwaa, likaimba vumbi.

Mate yakamdondoka Fisi. "Mafuta hayo," akasema. "Nayasikia."

"Nilikuambia, Mjomba."

"Lakini wimbo unayafunika."

"Basi subiri wimbo uishe."

Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine, mpaka mwiba ukafika katikati. Ilikuwa mara ya kwanza Mbalungwa kwa mwiba kufika katikati. Fisi akanyoosha mkono aurudishe mwanzoni.

"Ngoja, Mjomba. Huko umekwisha kusikia. Igeuze."

"Niigeuze iwe nini?"

"Iwe upande wa pili."

Wanyama wakatazamana. Ngiri akasema, "Kumbe huku chini nako kumeimbwa? Mimi siku zote nilidhani ni tako lake, kama la chungu."

"Wengi walidhani hivyo," akasema Nguchiro.

Fisi akaigeuza. Kiri-kiri-kiri. Upande huu Bi Kanga aliuimba jua likiwa kali na vumbi likiwa jepesi, kwa hiyo mkwaruzo ulikuwa mwingi zaidi. Chwa-chwa-chwaa, chwa-chwa-chwaa. Fisi akaliegemeza sikio lake kwenye pembe la bati.

Huku nyuma wanyama walisahau kukunja pua, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa amewapa mgongo na pua yake haikuonekana. Wasipoiona pua yake walibaki na masikio yao tu. Ngiri akaanza kutikisa mkia. Nyumbu akaanza kupiga kwato, ti-ti, ti-ti. Nungunungu akayumba, miiba ikalia shere-shere.

Fisi akasema bila kugeuka, "Acheni kelele, nasikiliza nyama."

Wakapunguza miguu, lakini hawakuacha.

Santuri ikaisha. Fisi akairudia. Ikaisha tena, akairudia tena. Aliposikiliza kwa sikio la kulia, nyama ilikuwa karibu. Akasikiliza kwa la kushoto, ikawa karibu zaidi. Akaingiza pua. Akaingiza macho. Bi Kanga akafika mahali katika wimbo anaponyamaza kidogo kabla ya kiitikio, vumbi likabaki peke yake, chwaa. Fisi akasukuma kichwa chote kwenye pembe la bati.

Kwapu. Kikaingia, na masikio yakajibana nyuma yake. Akavuta, hakikutoka. Akavuta tena, hakikutoka. Muziki ukakatika.

Halafu wanyama wakasikia sauti nyembamba, kama ya mbu mwenye mafua. Ilikuwa ya Fisi, inatokea kwenye kitundu cha sindano.

"Nitoeni humu."

Ikabidi wote wasogee na kuinama ili wamsikie. Nguchiro akainama wa kwanza.

"Tutakutoa, Mwenyekiti. Ila hukumu bado. Ulinyanyua mwiba mwenyewe ukaanza upya, kwa hiyo ile ya kwanza imefutika."

"Nitoeni kwanza, nitatamka nikiwa nje."

"Ukiwa nje utatamka kwa meno," akasema Ngiri.

Sauti ikasema, "Nzuri."

"Nzuri namna gani?" akauliza Nguchiro. "Hata uji wa baridi mgeni husema ni mzuri."

Bi Kanga alikuwa amesimama karibu na lile jani la chumvi. Alijua kwamba Fisi akisema neno la kuponyea kichwa tu, kesho atalifuta.

Halafu ile sauti ikaanza, polepole.

"Wimbo wa kwanza umewekwa mahali si pake. Unaanza kwa haraka, mtu hajakaa. Mimi ningeuweka mwisho. Wa pili haukuniingia mara ya kwanza, ukaniingia mara ya pili. Upande wa pili ndio wenyewe. Ule wimbo usio na ngoma, pale anaponyamaza kabla ya kiitikio, pale vumbi linapobaki peke yake, pale mtu anaweza kusahau njaa."

"Ulisahau, Mjomba?"

"Kidogo."

"Na nyama je?"

"Nyama haipo. Nilijua tangu tulipogeuza."

Nguchiro akainama tena karibu na kile kitundu. "Sasa kichwa umekiingizia nini?"

"Nilitaka kuhakikisha."

"Kuhakikisha nini?"

"Kwamba kiitikio kinarudi."

Wanyama wakageuka kumtazama Bi Kanga. Bi Kanga akaitazama ardhi, akachakura kidogo.

"Ila wimbo wa mwisho ni mrefu mno," sauti ikaendelea. "Zeze limezidi."

"Limezidi wapi?" akauliza Nyenje kutoka nyasini.

"Katikati. Na mwisho."

"Huyu mtoeni," akasema Nyenje, "kabla hajaendelea."

Ngiri akamshika mkia. Nyumbu akamshika Ngiri. Wakavuta, wakavuta. Pwata. Fisi akatoka, masikio yamekuwa ya duara kama mnavyoyaona hadi leo, akaketi juu ya chumvi yake mwenyewe.

Bi Kanga akamkaribia. "Mwenyekiti, umesema nzuri mbele ya watu. Sheria inasema mwimbaji atuzwe."

"Unataka nini?"

"Ule mkono wa kutia ufunguo."

Fisi akautazama ule mkono wa chuma, akawatazama wanyama, ambao safari hii hawakumtazama pua. Akauchomoa, akampa.

Basi Bi Kanga akawa ndiye atiaye ufunguo Mbalungwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzitoa santuri za zamani zilizotupwa nyuma ya turubai. Ya Kwale ikapigwa mpaka mwisho, juu na chini. Ya Bata Maji nayo. Ya Digidigi ilipopigwa, ile filimbi iliwakalisha chini wote, na hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliokuwa wakisema Digidigi hajui ni wao wenyewe, na Digidigi hakuwepo kuwasamehe.

Fisi alikuwa akija na kusimama mbali.

"Bi Kanga, tuwekee upande wa pili."

"Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale kwanza."

Akaenda mbali kutafuta mifupa waliyoiacha wengine, akaitafuna, kao-kao, akarudi mbio. Kila aliporudi alikuta santuri imekwisha. Mwisho akaacha kurudi, akawa anajiimbia mwenyewe huko huko aliko. Watu wakimsikia husema fisi anacheka. Si kweli. Fisi anaimba ule wimbo usio na ngoma. Anafika pale pa kunyamaza, ananyamaza vizuri kabisa, kisha kiitikio kinamjia sauti tupu, maneno yamemtoka.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyempendeza aibebe, iliyemchosha aniachie niliyoileta. Na funzo lake ni hili, walifundishe wazazi kwa watoto: muziki usiokupendeza mara ya kwanza utupe, wala usirudie kuusikiliza. Fisi alirudia, akakosa kanga, akakosa chumvi, akakosa gramafoni, na mpaka leo anakula mifupa.