Kilichomvimbisha Bunju

Zamani, kabla halijachimbwa kaburi hata moja kati ya haya mnayoyaona hapa Mbwekani, bunju hakuwa na miiba juu ya ngozi. Alikuwa samaki mwembamba, laini, wa kuteleza mkononi, na nyama yake ilikuwa tamu kuliko ya changu, kuliko ya tasi, kuliko ya kolekole. Leo mkimkuta ufukweni amevimba mnamsukuma kwa mguu na kucheka. Basi tulieni niwaeleze kilichomvimbisha, na nikimaliza mtaniambia kama ni jambo la kuchekwa.

Siku hizo bunju alikuwa na mwenyewe. Hakuuzwa, wala hakuliwa na kila mtu. Mvuvi akimpata alimweka kando ya samaki wengine, akauliza ni nani aliyejifungua, akampeleka huko. Alipikwa mchuzi mwepesi wa ndimu na pilipili manga, na mzazi aliunywa mpaka damu ikamrudia usoni na maziwa yakashuka. Hakuna aliyewaamuru watu kufanya hivyo. Waliona tu kwamba mwanamke aliyetoka kwenye uchungu ule anastahili kula kizuri kuliko wengine wote, na hata wenye njaa hawakulilalamikia hilo.

Jumbe wa mji alikuwa Mwinchande, mtu wa tumbo kubwa na sauti ndogo. Siku moja alikwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa, akakuta chungu cha mzazi jikoni, akachovya kidole. Akachovya tena. Wanawake wakatazamana, wakaona haya kumkataza. Alipotoka pale chungu kilikuwa kikavu, na njiani alikuwa akinung'unika, "Kitu kama hiki wanapewa wanawake waliolala ndani! Kwa sababu gani?"

Kesho yake ikapigwa mbiu. Bunju yeyote atakayevuliwa apelekwe kwa jumbe. Watumishi wake wakawekwa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, kila mmoja na bakora, wakafungua vikapu vya watu na kutia mikono ndani kama vikapu vyao.

Na mji ulifanya nini? Mji ulinyamaza. Wazee walisema hayo ni mambo ya wakubwa. Wavuvi walisema bahari ina samaki wengi. Wenye wake wasio na mimba walisema si shida yao. Wapo hata waliojipeleka wenyewe kwa jumbe na bunju mkononi, wakitabasamu, wapate kukaribishwa barazani. Wazazi wakawa wanapewa mchuzi wa dagaa, na wakichelewa kupata nguvu wanaambiwa ni wavivu.

Sasa palikuwa na kijana mmoja mvuvi, Kibwana, na mkewe Mwanakheri. Mwanakheri alijifungua mtoto wa kike kwa taabu kubwa, damu ikamtoka nyingi mno. Mkunga wake alikuwa Bi Somoe, mwanamke aliyewapokea mikononi mwake karibu nusu ya watu wa mji ule, pamoja na watoto wa jumbe mwenyewe. Bi Somoe alimtazama mzazi, akamtazama Kibwana, akamwambia, "Mwanangu, nenda baharini. Mletee bunju. Huyu asiponywa kitu cha kumtia nguvu leo, sijui."

Kibwana alikwenda. Na bahari, ambayo haina jumbe, ikampa. Alirudi na bunju mmoja mkubwa, amemfunika kwa majani chini kabisa ya kikapu. Watumishi wakayafunua majani.

"Huyu ni wa mzazi," Kibwana alisema. "Mke wangu yuko taabani. Chukueni wengine wote, mniachie huyu."

Wakamchukua bunju, wakamwachia wengine wote. Diko lilikuwa limejaa watu. Kila mtu aliona, kila mtu alisikia. Mmoja akakohoa, mwingine akajishughulisha na kamba yake, na wengine wakatazama miguu yao kana kwamba ndiyo kwanza wanaiona. Kibwana alisimama pale na kikapu chake, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemshika hata bega.

Bi Somoe aliposikia, alijifunga kanga kiunoni na kwenda mwenyewe kwa jumbe. Alimkuta barazani, sinia mbele yake, mikono inameremeta mafuta.

"Jumbe, nimekuja kumwombea mzazi," alisema. "Kipande kimoja kinatosha. Hata kichwa. Nitakipika mwenyewe."

"Wanawake wanazaa kila siku," jumbe alijibu, mdomo umejaa. "Nikianza kumgawia kila mmoja, mimi nitakula nini?"

"Wanao niliwapokea mimi. Mama yao alikunywa mchuzi huu huu, na wewe ndiwe uliyekuja kunishukuru."

Jumbe aliendelea kutafuna. Alipomaliza alifyonza vidole, akakusanya miiba sahanini, akaifunga kwenye jani la mgomba na kumnyooshea. "Haya. Usiseme nimekunyima."

Na waliokuwa barazani wakacheka. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Walicheka.

Bi Somoe aliipokea ile miiba kwa mikono miwili. Alirudi akakuta kilio. Mwanakheri ameshakata roho, na mtoto yuko kifuani kwake anatafuta ziwa. Mkunga hakulia. Alimtoa mtoto, akampa jirani mwenye maziwa, kisha akatoka na lile furushi, akapita katikati ya mji, mchana kweupe, watu wakimpisha njia. Akaingia baharini mpaka maji yakamfika kifuani.

"Bunju!" aliita. "Ulikuwa wa mzazi, nawe unajua. Leo mzazi amekufa, na nyama yako imo tumboni mwa mtu ambaye hajawahi kuumwa na uchungu wa kitu chochote. Nimeshindwa kuwatia watu haya. Wewe je? Utakubali tu kuliwa? Hii hapa miiba yako. Nimerudishiwa mimi, nakurudishia wewe."

Akaifungua. Miiba ikatawanyika majini. Wakaja bunju, mmoja, halafu kundi, wakamzunguka. Wakamsikiliza. Wakaanza kuvimba. Walivimba kwa ghadhabu, matumbo yakajaa, macho yakatoka, na ile miiba ikawashika ngozini ikasimama wima. Na uchungu wa siku ile ukawaingia ndani, ukakaa kwenye ini.

Kesho yake watumishi walimletea jumbe bunju kama kawaida. Alikuwa mwembamba bado, maana bunju akitulia hurudi mwembamba na miiba yake hulala, nao hawakuona tofauti. Jumbe alikula peke yake, hakumgawia mtu, na hapo ulafi wake uliwaokoa wengi. Kwanza midomo ilikufa ganzi. Kisha ulimi. Kisha mikono na miguu, moja baada ya nyingine, mpaka akalala pale barazani macho wazi, anasikia kila kitu na hawezi kuinua hata kidole.

Ndipo watu walipopata midomo! Walijaa uani wakamlaani kwa sauti, wakamtaja kwa majina ambayo siwezi kuyatamka mbele yenu. Wale wale waliotazama miguu yao dikoni, wale wale waliocheka. Jumbe aliyasikia yote, na jua halijazama akafa.

Kisha wakaenda kwa Bi Somoe na zawadi na vigelegele. Aliwatokea mlangoni, mtoto wa Mwanakheri mgongoni.

"Rudini na vitu vyenu," aliwaambia. "Mnanishukuru kwa nini? Kibwana alipolia dikoni, mlikuwa wapi? Mlikuwa pale pale. Bakora zilikuwa chache, nanyi mlikuwa mji mzima."

Waliweka zawadi chini, wakaondoka. Na kwa kuwa bunju alikuwa hafai tena kuliwa, walikubaliana wenyewe kwamba samaki wa kwanza kushushwa dikoni, awe changu, awe nguru, apelekwe kwa mzazi kabla mnada haujaanza, na asiwepo mtu wa kumfungulia kikapu mchukuzi wake.

Na tangu siku hiyo bunju akiguswa huvimba, na miiba ikasimama, na anayemla hujiua mwenyewe. Tangu siku hiyo mnamwona mnadi hapa kwetu anangoja, hafungui mdomo mpaka samaki wa mzazi apite. Wageni husifu desturi hiyo, wakasema Mbwekani ni watu wema. Mimi nikiwasikia huona aibu, maana najua kwamba katika mji huu mzima, wanaume na nguvu zao, wazee na busara zao, wa kwanza kukasirika alikuwa samaki.