Mgeni Mmoja wa Sajini Nyamizi

Sogeeni, na wenye simu wazizime, maana leo nawapa kesi. Ilitokea nchi ya jirani. Nasema ya jirani ili nisije nikaitwa mahali kujieleza.

Kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Meja Lwitiko, mwanajeshi mstaafu, akitoa neno halirudi nyuma. Mzee Chilongani, karani wa masjala ya jeshi, alikuwa na kumbukumbu ya kuionea huruma kompyuta. Bi Mwanvua, mshona nguo, hakuweza kusema uongo hata wa kumfurahisha bibi harusi. Na katikati yao alikuwepo Sajini Nyamizi, ambaye kipawa chake kilikuwa kunyamaza.

Nyamizi alitumikia jeshi miaka kumi na minane, akipokea ujumbe wa siri. Alipostaafu akapata nafasi uraiani, kwenye masjala ya siri ya wizara. Sharti lilikuwa moja: cheti chake cha upekuzi, kile kinachosema mtu huyu anaaminika na siri za nchi, kihamishwe kutoka jeshini kabla haijatimia miaka miwili tangu avue gwanda. Ikitimia, cheti kinakufa na nafasi anapewa mwingine. Jeshi na wizara wakarushiana barua mpaka zikabaki siku kumi na moja. Watu wakamshauri akubali kazi ya kufungua geti la hoteli.

"Geti litapata wa kulifungua," akasema. "Mimi cheti changu nakifuata mpaka mwisho."

Vilipungua vitu vitatu: sahihi ya kamanda wake wa mwisho, faili lenyewe, na ushahidi wa majirani.

Sahihi ilitakiwa itiwe mbele ya afisa, si kwa simu wala kwa kutuma mtu. Kamanda huyo, Meja Lwitiko, alikuwa kijijini, siku ya pili ya matanga ya kaka yake. Alipopokea simu ya Nyamizi alisimama, akavaa viatu. Dada zake wakamshika shati. "Unaacha msiba wa baba mmoja mama mmoja?"

"Marehemu hana haraka tena," akasema. "Sajini wangu ana siku kumi na moja."

Alisafiri siku mbili, akatia sahihi. Aliporudi, ukoo haukumpa hata mkono.

Faili nalo halikuonekana. Kompyuta ilisema hakuna askari wa namba yake. Mzee Chilongani akakumbuka kwamba mwaka paa lilipovuja, mafaili ya kikosi cha Nyamizi yalihamishiwa bohari la zamani na hakuna aliyeandika. Mzee ana pumu, na daktari alishamkataza vumbi. Akafunga leso puani, akaingia. Siku ya nne akatoka na faili, akikohoa mpaka machozi. "Faili halipotei," akamwambia Nyamizi. "Watu ndio hupotea njia ya kuliendea." Jioni hiyohiyo akalazwa hospitali.

Zikabaki siku mbili, na mpekuzi wa kuwahoji majirani akaja mtaani, shati jeupe, karatasi kwapani. Hapo ndipo mapenzi yalipotaka kuharibu kazi. Mtaa mzima unampenda Nyamizi. Walipoona mgeni anauliza-uliza, wakadhani jirani yao ana kesi, wakamficha. Muuza chapati: "Nyamizi? Jina geni hilo." Mjumbe wa mtaa: "Huyo hajawahi kuishi hapa." Mpekuzi akaandika kwamba hajulikani anakoishi, na kwa maneno hayo cheti kilikuwa kinakata roho.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bi Mwanvua, ambaye hakuwa amemsalimu Nyamizi kwa miaka minne.

"Namjua sana," akasema. "Ana roho ya jiwe. Mwanangu Sudi alikuwa askari nje ya nchi, akanyamaza wiki saba. Huyu ndiye aliyekuwa akipokea habari zao. Nilimpigia magoti, nikamwambia, jirani, niambie tu kama yu hai. Akasema, 'Dada, sina la kusema.' Alilia, lakini hakusema."

"Na mwanao?"

"Alirudi mzima. Ila zile wiki saba hakuna atakayenirudishia."

Mpekuzi akainua kalamu. "Unamchukia, na bado unamsaidia?"

"Simsaidii. Umeniuliza, nimejibu. Lakini mimi ningekuwa na siri, ningempa yeye."

Cheti kikahama siku ya mwisho. Nyamizi alisomewa ushahidi ule, akaambiwa haruhusiwi kuusimulia kwa mtu. Msiniulize mimi nimejuaje. Mtaa ulichoona ni Bi Mwanvua kumkaribisha mpelelezi ndani, basi wakamwita mchongezi, na hadi leo nguo zao wanapeleka kushonwa kwingine.

Sasa kiapo chake cha kazi ni kesho, na jengo la wizara humruhusu mwapaji mgeni mmoja tu. Meja amepiga simu: "Nataka nikawasimulie nyumbani nilichoachia msiba." Mzee Chilongani, aliyetoka hospitali juzi, amesema, "Miaka thelathini natunza mafaili, sijamwona mwenye faili hata mmoja akila kiapo." Bi Mwanvua hajaomba kitu. Ila tangu asubuhi gauni lake la sikukuu limefuliwa, limeanikwa kwenye kamba.

Nyamizi anajua kwamba ungemwondoa yeyote kati yao, cheti kingekufa. Anajua pia kwamba mdomo wake umefungwa, na kadi ya kumwalika huyo mgeni mmoja ndiyo neno pekee analoweza kulisema. Inatakiwa ofisini saa kumi. Kalamu anayo mkononi na analia.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili watakaobaki nje, ungewaambia nini?