Nanunua Kanga, Sinunui Gazeti

Jana baada ya Alasiri nilipita mtaa wa maduka ya nguo, ndugu zangu, nikadhani nimepotea njia nimeingia msikitini. Safu ya mbele yote ilikuwa pale. Bwana Mbaruku yuko mlangoni anajipima kanzu juu ya kanzu. Mwalimu Shekuwe anabishana na muuzaji, kofia tatu kichwani kwa mpigo. Kumi la mwisho la Ramadhani hili! Watu wanatafuta usiku wenye cheo, nyinyi mnatafuta kitambaa kisichokunjamana. Kwenye tarawehe safu zinapungua, kwa fundi cherehani zinaongezeka. Na msiniulize mimi mwenyewe nilikuwa napita pale natafuta nini.

Sasa kuna mmoja wenu, simtaji, kaegemea nguzo hapo, alinivuta pembeni akaniuliza: "Sheikh, hivi mtu atenge fungu gani la kipato chake kwa nguo zake mwenyewe? Moja ya kumi? Moja ya tano?" Nikamwambia njoo kwenye darsa kesho. Amekuja, na namwona amevaa kanzu ambayo jana hakuwa nayo.

Basi nisikilizeni. Nawapigia mfano tu, asinifuate mtu baadaye kuniuliza ni nani.

Kulikuwa na bwana mmoja, karani wa stoo. Mtu wa mpango kwelikweli. Mshahara ukiingia anaukata mafungu: chakula, kodi ya nyumba, ada ya watoto, mavazi. Ukimsikia anavyopanga unasema huyu angefaa kuwa waziri. Ila fungu la mavazi lilikuwa na ugonjwa wake. Likishakatwa linakwenda kwa fundi, na likirudi linarudi suruali yake. Mwezi huu koti, mwezi ujao kizibao cha kuvaliwa ndani ya koti, mwezi unaofuata viatu vya kuchongoka, kwa sababu vile vya zamani havipatani na kizibao. Mavazi ya nyumba nzima, mwili mmoja!

Mkewe alikuwa na kanga doti mbili. Moja mwilini, moja kambani inakauka. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, mama wa watu anakaa ndani.

Ikatokea harusi ya ndugu yake. Akamwambia mumewe, kwa adabu zote, "Sina cha kuvaa harusini. Hata dera la bei ndogo litanitosha."

Bwana akafungua daftari lake la mafungu, akapekua, akasikitika. "Mwezi huu umenikuta vibaya," akasema. "Nina koti kwa fundi. Ngoja mwezi ujao."

Harusi inasubiri mwezi ujao? Nawauliza nyinyi. Bibi harusi aambiwe ngoja kwanza, kuna koti kwa fundi?

Yule mama akaazima dera kwa jirani. Akaenda, akapendeza, akakaa na wenzake kwenye jamvi. Sahani ya pilau ilipofika, jirani mwenye dera akapaza sauti toka upande wa pili, mbele ya kadamnasi: "Shoga, angalia usinimwagie mchuzi dera langu!" Wanawake wote wakageuka. Yule mama akaacha kula. Mnacheka, lakini mimi sicheki hapo. Mwanamke mwenye mume, mume mwenye kazi, anavuliwa nguo kwa maneno katikati ya harusi ya nduguye. Aliona aibu iliyompanda mpaka kwenye masikio. Akarudisha dera, akajifunga kanga yake, na ile iliyokuwa kambani akaianua mbichi akaitia kwenye mfuko, akaenda kwa mama yake. Hakugomba na hakuvunja sahani. Na mwanamke akiondoka bila kugomba, bwana, jua mambo yameharibika.

Siku ya kwanza yule karani akasema atarudi. Siku ya nne akala ugali alioupika mwenyewe, akaelewa kwamba asipomfuata mkewe atakosa mke na tumbo pia. Akaamua kwenda kwa mama mkwe. Sasa, mtu mwenye akili anayekwenda kuomba msamaha hujiandaa vipi? Anatafuta maneno. Huyu akatafuta suti. Alisema moyoni, "Wakiniona nimetakata wataniheshimu." Akachukua fungu lote, akalifuata koti kwa fundi, akaongeza tai, akaongeza marashi, akapigisha viatu rangi vikang'aa ungeweza kuvifanya kioo cha kunyolea ndevu.

Yuko njiani ndipo akakumbuka. Na kwetu mnajua, huendi kumfuata mke kwa mama yake mikono mitupu. Angalau doti ya kanga. Akajipapasa mifukoni, zimebaki pesa za kuonea haya. Akaingia duka la kanga, akamwambia mama muuzaji, "Nipe iliyo rahisi kuliko zote."

Mama akatoa moja toka chini kabisa ya rundo. Kanga nzuri, rangi nzuri, nusu ya bei. Akasema, "Hii nakuuzia, baba, lakini nisikufiche. Imenidodea mwaka mzima kwa ajili ya jina lake. Soma kwanza."

"Mama, nina haraka," bwana akajibu. "Mimi nanunua kanga, sinunui gazeti."

Astaghfirullah! Kuna mtu hapa hajui kwamba kanga ndiyo gazeti lenyewe? Mtaa wetu huu kuna wanawake wawili hawajasemezana tangu mwaka juzi, na kila siku wanatukanana kwa kanga, kimyakimya, kila mtu akianika kambani. Huyu bwana kazaliwa wapi?

Akafika. Shikamoo mama, marahaba baba, karibu, kaa. Mama mkwe kakaa mkekani, mkewe kakaa kando, kajitanda ile kanga iliyopauka. Huko uani wanawake wa jirani wamekuja kutwanga kisamvu, lakini kinu kimenyamaza ghafla, maana wote wametega sikio. Bwana suti inambana, jasho linamtoka, anakohoa. Badala ya maneno akatoa kanga, akamtunza mama mkwe.

Mama akaifunua, akaipapasa, akafurahi. "Ahsante baba, ahsante. Rangi niipendayo." Kisha akaona maandishi. Bibi yule chuo cha Kurani alihitimu, msahafu anausoma unateleza. Lakini herufi hizi za shule hakufundishwa. Akamsogezea binti yake. "Nisomee mwanangu, kwa sauti. Mume wako kaniletea maneno gani?"

Yule mke akaangalia. Unajua ilikuwa imeandikwaje? NAJIPENDA MWENYEWE, NYIE MTAJIJUA.

Ndiyo maana ilidoda! Wanawake hununua kanga ya kumsema jirani. Hii inamsema aliyeivaa.

Na bwana, ambaye sasa ndiyo anaisoma kwa mara ya kwanza, kaisoma kichwa chini miguu juu toka alipokaa, akajua amekwisha. Hebu fikirini. Mama mkwe anasubiri, na kinu uani kimenyamaza. Mkewe akifungua mdomo tu, akisoma kilichoandikwa, basi mji mzima utajua kabla ya Magharibi, na mke huyo hampati tena. Na mke hatakuwa amemkosea, atakuwa amesoma tu. Ingekuwa wewe, uliyeambiwa angalia mchuzi mbele za watu, ungesoma nini?

Yule mke akasoma polepole, kwa sauti, mpaka uani wakasikia: "MAMA NIWIE RADHI, MWANAO NIMEKOSA."

Naona mmoja ananyoosha kidole, anataka kuniuliza kama huo si uongo. Teremsha mkono. Kupatanisha watu kuna ruhusa yake, nitakueleza baada ya sala.

Bibi machozi yakamtoka. "Baba," akasema, "umezunguka madukani kunitafutia maneno haya?"

Afanyeje? "Nimezunguka, mama," akasema. "Nimezunguka sana."

Mke akaikunja ile kanga haraka. "Mama, nipe nikakupindie ncha." Akatoka nayo, mumewe akamfuata mpaka barazani. Pale akaitia kwenye mfuko, akampa.

"Mbona hukusoma kilichoandikwa?" bwana akanong'ona.

"Nimekusitiri," mkewe akasema. "Wewe mambo ya kusitiri mtu huyajui, unajua kuvaa tu. Mama anangoja kanga yake. Una siku tatu. Kalete iliyoandikwa nilivyosoma."

Akarudi dukani. Yule mama muuzaji alishangaa: mtu mzima, suti ya vipande vitatu, kapiga magoti kwenye rundo la kanga anasoma moja moja kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Duka la kwanza, la pili, la tano. Za kumsuta jirani zimejaa, za kumringia mke mwenza zimejaa, za kumshukuru Mungu zipo. Ya mtu kukiri amekosa hakuna. Mama muuzaji akamwambia, "Baba, utahangaika bure. Hiyo hawachapi, haina mnunuzi."

Siku ya tatu akaenda kwa mama mkwe. Suti kaiacha nyumbani, kavaa shati lake la kazini. Mkononi ana kanga mbili mpya, alizosoma kila herufi, na zote mbili hazikuwa na yale maneno. Shikamoo mama, marahaba. Kinu uani kikanyamaza tena. Akakaa chini mkekani, akasema, "Mama, siku ile kanga haikuandikwa vile. Maneno yale nimeyatafuta mji mzima, hayauzwi. Nimekuja kuyasema mwenyewe. Mama niwie radhi, mwanao nimekosa." Akamgeukia mkewe, akayarudia.

Bibi akamtazama. "Mimi herufi hizi sizijui," akasema, "lakini mtoto huyu nimemzaa. Siku ile anasoma, macho yake yalikuwa kwako, kwenye kanga hayakushuka hata mara moja. Nikajua ananidanganya, na nikajua anakudanganyia wewe. Nikasema ngoja nione kama huyu mwanamume ana haya."

"Kumbe ulijua, mama."

"Nilijua. Haya, kweli ilikuwa imeandikwaje?"

Bwana akatamani ardhi ipasuke. Akaitaja. NAJIPENDA MWENYEWE, NYIE MTAJIJUA. Bibi alicheka mpaka mtandio ukaanguka, na huko uani wakaangua kicheko kinu kikapinduka. Mkewe naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya harusi. Bibi alipopata pumzi akasema, "Mchukue mkeo. Na ile kanga usiirudishe dukani, baba. Ivae wewe, ni yako." Mpaka leo bwana yule akitoka kuoga anajifunga kanga ile, na watoto wake wanamsomea.

Sasa wewe wa kwenye nguzo, na sisi sote. Tunaulizana moja ya kumi, moja ya tano. Mimi sitakutajia hesabu, maana hata yule karani alikuwa nayo, tena safi, imepigwa mstari. Nguo kazi yake ni nini? Ni kusitiri. Basi anza kumsitiri ambaye hajasitirika katika nyumba yako, kisha kitakachobaki nenda nacho kwa fundi, ushone utakavyo, Idd njema, upendeze. Ukianza na wewe hutamaliza, kwa sababu kizibao kitadai viatu, na viatu vitadai soksi. Wangapi humu tunaonekana watu mbele za watu kwa sababu kuna mtu nyumbani, kanga imempauka, anasoma maneno mazuri mahali ambapo sisi tumeandika mabaya? Jirani akimuuliza hali, anasema mume wangu hajambo, ananijali. Amekusitiri huyo. Wewe unadhani ni kanzu yako.

Niwaulize jambo moja, kisha tuinuke. Leo asubuhi umetoka nyumbani, umemwacha mwenzako amejifunga kanga. Ile ile unayomwona nayo kila siku.

Imeandikwaje?

Mnatazamana. Msikiti mzima, hata mmoja hajui. Basi nendeni mkasome.